Mgeni wa Miezi Mitano

Hajira binti Kitwana hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema, maana watu wa Mtaa wa Mchikichi wakianza kukusimulia habari zake wataanzia mwisho. Alikuwa mtu aliyechoka. Na uchovu wake haukuwa wa kuigiza. Alikaa ghorofa ya sita, lifti inafanya kazi siku inazotaka yenyewe, na wageni wanakuja wawili leo, watatu keshokutwa, kila mmoja na mashuka yake ya kufuliwa na swali lake la maji ya moto.

Mahali penyewe zamani palikuwa na nyumba ya chini, vyumba sita na ua nyuma. Baba yake, Mzee Kitwana, aliijenga kwa mshahara wa bandarini, alikoendesha winchi miaka thelathini na moja tangu alipokuja mjini kutoka Lindi. Kisha akatokea tajiri mmoja akamwambia, mzee, nipe kiwanja nikipandishie ghorofa nane, na wewe utapata nyumba zako mbili humo humo bila kulipa chochote. Mzee alifikiri mwaka mzima, akakubali. Kariakoo nzima ilikuwa inakubali. Ndivyo mtu aliyezoea kufungua mlango na kukanyaga barabara alivyojikuta akiitazama barabara hiyo hiyo kutoka juu, akiwa mjane, na jirani asiyemjua ukutani.

Hizo nyumba mbili zilitazamana, ghorofa ya sita. Ile ya chumba kimoja alikaa Hajira na binti yake Sabaha, aliyekuwa anasoma chuo. Ile ya vyumba vitatu alikaa mzee kwenye chumba cha nyuma, na viwili vya mbele vilipangishwa kwa siku, kwa programu ya simu, mojawapo ya zile ambazo mtu akiwa Lubumbashi anaona picha ya kitanda chako na kukilipia kabla hajafunga begi lake. Waliokuja zaidi ni wafanyabiashara: Wakongo wa vitenge, Wazambia wa viatu, Wakomoro wa kila kitu. Walinunua mzigo siku tatu nne, wakausafirisha, wakaondoka.

Mzee Kitwana hakuwa na kazi katika biashara hiyo, ila alijipa mwenyewe. Kila asubuhi alishuka akaweka kiti chake cha plastiki karibu na mlango wa lifti, ubavuni mwa duka la mabegi la Kasmir, Mchaga wa Rombo aliyempenda mzee na kubishana naye juu ya kila jambo. Pale mzee alipokea wageni. Kama lifti imekufa alikuambia kabla hujabonyeza kitufe. Wakongo aliwaamkia kwa Kifaransa chake cha melini, maneno kumi na moja, na alikuwa nayo yote kumi na moja kila siku. Alikuwa mwongeaji mno, tusimpambe. Mgeni aliyetaka kupita haraka alisimuliwa habari za meli iliyozama mwaka ambao mama yake mgeni hajazaliwa. Na jioni redio yake iliunguruma sebuleni, na taa ya bafuni hakuwahi kuizima hata siku moja.

Hajira alikuwa ameandika masharti ya nyumba. Sabaha aliyachapa, yakawekwa plastiki na kubandikwa nyuma ya mlango. La nne lilisema: Ufunguo unabaki na mwenye nyumba, mgeni haondoki nao. Funguo tatu zilikuwa zimekwenda Kongo, na fundi wa kufuli alishaanza kumwita Hajira shemeji.

Mwezi Januari ukaingia ujumbe kutoka kwa mwanamke aitwaye Severa, wa Bukoba. Alikuwa amepata kazi ya muda katika ofisi moja ya utafiti wa maji kule Kivukoni, na alitaka mahali pa kukaa kuanzia tarehe mosi Februari hadi tarehe thelathini Juni. Alitaka nyumba nzima. Aliuliza mara mbili, kwa adabu, kama kuna mtu mwingine anayekaa ndani, kwa sababu hafanyi kazi vizuri penye kelele.

Hajira aliusoma ujumbe huo akiwa ngazini, ghorofa ya nne, na ndoo ya mashuka mkononi. Miezi mitano. Mtu mmoja, mwanamke, mtumishi. Hakuna kupokea watu alfajiri, hakuna kukagua taulo, hakuna kupanda na kushuka. Akakaa kwenye ngazi palepale na kumjibu kwamba nyumba ni yake peke yake. Baba yake alikuwa chini, kwenye kiti chake, hajui lolote.

Alimwambia jioni, baada ya chakula. Alilipamba jambo kadiri alivyoweza: hewa ya Mbagala ni nzuri, kwa Shukuru kuna uwanja, wajukuu wanamuulizia. Shukuru ni mdogo wake Hajira, fundi wa majokofu. Sebuleni kwa Hajira palikuwa na kochi, lakini mzee wa miaka sabini na tisa huwezi kumlaza kochini miezi mitano ukaitwa mtoto. Mzee Kitwana alisikiliza huku anakunja mkeka wake. Aliuliza swali moja tu, hiyo miezi mitano inaishia lini. Akaambiwa, Juni thelathini. Akasema sawa.

Kule Mbagala, Mboni, mke wa Shukuru, aliwatoa wanawe wawili chumbani na kuwatandikia godoro sebuleni, akapaka chumba rangi upya. Shukuru akanunua kitanda kirefu, kwa kuwa mzee ana miguu mirefu ya mtu wa winchi. Yote hayo waliyafanya kwa siku tatu na hawakulalamika, na Hajira aliposikia alijisikia nafuu, kama mtu aliyekabidhi mzigo mahali pazuri.

Siku ya kuondoka, tarehe ishirini na tano, bajaji ilikuwa chini inasubiri. Mzee alikuwa amevaa kanzu, amebeba redio. Hajira alimsimamisha mlangoni. Mgeni angekabidhiwa funguo zote, na ufunguo wa mzee ulikuwa shingoni mwake, ndani ya kanzu, kwenye kipande cha kamba ya buluu ya kufungia mizigo. Kamba hiyo ilining'iniza ufunguo wa nyumba ya zamani miaka mingi kabla haijafungwa huu mpya.

"Baba, na ufunguo," Hajira alisema.

"Hata mimi?"

Hajira akacheka, kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake. "Sheria ni sheria, baba. Si umeona imeandikwa? Ufunguo unabaki na mwenye nyumba."

Mzee naye akacheka kidogo. Akaivua kamba kichwani, ikamkwama kwenye kofia, akaitoa, akampa. Akashuka kwa ngazi, maana lifti ilikuwa imekufa.

Siku nne baadaye, mchana, Severa alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Mama yake amefariki usiku uliopita, ghafla, na nyuma ameacha watoto wawili wanaosoma, hakuna mwingine wa kuwatazama. Kazi ya Dar es Salaam ameiacha. Hajira akampa pole. Kisha Severa, kwa aibu, akafika kwenye jambo lenyewe. Kwa masharti ya programu, mgeni wa muda mrefu akighairi siku chache kabla ya kufika hupoteza malipo ya mwezi wa kwanza, yanakwenda kwa mwenye nyumba. Lakini mwenye nyumba akighairi yeye, mgeni anarudishiwa yote. "Dada, nisaidie ufute wewe. Hiyo pesa ndiyo ya kumzikia mama."

Wewe ungefanya nini? Huwezi kumwambia mfiwa akasome masharti. Ungeweza, lakini usingeweza kusimama tena katika msiba wowote ukala ubwabwa wa watu. Hajira hakufikiri hata dakika. Alifungua programu akabonyeza, ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Kisha akamtumia Severa rambirambi kidogo, akaenda kuchukua wudhu kwa ajili ya adhuhuri.

Sabaha aliporudi kutoka chuo alishika kichwa. Akamweleza mama yake kwamba angemwambia dada wa watu afute mwenyewe, halafu ile pesa ya mwezi ikiingia wamrudishie kwa simu, yote, na lisingeharibika neno. Sasa, kwa kuwa aliyeghairi ni mwenye nyumba, programu imezifunga tarehe zote alizozighairi. Hakuna mgeni anayeweza kuiona nyumba ile kuanzia tarehe mosi Februari hadi tarehe thelathini Juni. Hajira alichukua simu akatazama mwenyewe. Miezi mitano yote ilikuwa na rangi ya kijivu, siku baada ya siku.

Watu wa mtaani wanasema hapo ndipo alipokosea, alipobonyeza. Si kweli, na ukiwasikia wakisema hivyo usiwakubalie. Kubonyeza kulikuwa ubinadamu. Kosa lilikuja baada ya hapo, na lilikuja polepole.

Siku ile ile angeweza kwenda Mbagala. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, na baba hajamaliza hata wiki. Wazo hilo lilimjia, tumtendee haki. Lilimjia jioni ile akiwa anafunga madirisha ya ile nyumba tupu. Lakini akajiambia asubiri kidogo. Aliwaandikia watu wa programu akaeleza habari ya msiba, wakamjibu kwa upole mwingi kwamba wamemwelewa, na tarehe zikabaki vilevile. Akaandika tena. Kama wangezifungua, na akaja mgeni mwingine wa muda mrefu, ingekuwa aibu kumleta mzee leo na kumtoa tena kesho. Ndivyo alivyojiambia. Akangoja wiki moja, akangoja ya pili. Kila alipompigia baba yake simu alimuuliza hali, akamwambia huku salama, na mgeni hakumtaja. Mzee naye hakuuliza. Hajira akaona hiyo ni bahati.

Kile kiti cha plastiki Kasmir alikiingiza dukani kwake. Siku mbili tatu alimuuliza Hajira mzee anarudi lini, naye akajibu amekwenda kupumzika kwa Shukuru. Alilisema hilo mpaka likawa jepesi mdomoni.

Wiki ya tatu akaja Abdulmajid, Mkomoro wa Moroni, mgeni wao wa kila miezi miwili. Hajira alikuwa amemwandikia Januari kwamba hadi Juni nyumba imeshikwa, na Abdulmajid alikuwa ametafuta pengine, upande wa Mnazi Mmoja. Hakuja kutafuta chumba. Alikuwa na kofia mikononi, imefungwa kwenye karatasi, ya kushonwa kwa mkono, amemletea babu kwa ajili ya Ramadhani iliyobakiza wiki moja. Alisimama mlangoni akachungulia ndani, akaona vyumba vitatu vimetandikwa mashuka meupe na hakuna kiatu hata kimoja mlangoni.

"Mgeni wako yuko wapi?" aliuliza. "Na babu yuko wapi?"

Hajira akafungua mdomo kusema amekwenda kupumzika. Safari hii halikutoka. Alipokea kofia, akashukuru, akafunga mlango, akakaa kwenye kitanda cha baba yake, na hapo ndipo alipolia. Aliona haya, haya ya mtoto, ile inayochoma masikio. Nyumba hii alipewa baba yake kwa kiwanja chake. Yeye alimtoa humo kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona, na mtu huyo alipoghairi alimfutia kwa dakika moja, lakini baba yake amemwacha wiki tatu na zaidi.

Kesho yake, Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, alikwenda Mbagala. Alibeba kofia, na ndani ya pochi akaweka ufunguo na kamba yake ya buluu. Njiani alipanga maneno. Angemwambia mwezi unakaribia, baba, twende tukafuturu nyumbani. Angesema mgeni amepata msiba. Angelisema kama jambo la jana.

Alimkuta kibarazani, amevaa msuli, redio pembeni haijawashwa. Alikuwa amepungua, au pengine ni kile kiti kilichokuwa kikubwa kwake. Hajira akapiga goti akaamkia, mzee akaitikia marahaba, akaulizia Sabaha, akaulizia lifti. Kofia aliipokea, akaigeuza huku na huku, akaisifu mishono yake, akaivaa. Mboni alileta chai akawaacha. Kupitia mlangoni Hajira aliona godoro la watoto limesimamishwa ukutani pale sebuleni, na madaftari yao juu ya televisheni.

Akaanza maneno yake. Severa kafiwa na mama, masikini, ikabidi nimfutie mimi ili arudishiwe pesa zake.

"Hapo ulifanya vizuri," mzee alisema. "Mtu akifiwa usimshike shati."

"Basi, baba, nimekuja kukuchukua. Ramadhani hii hapa. Chumba chako kiko wazi."

Mzee alikunywa chai funda moja, akaiweka chini. "Kiko wazi tangu lini?"

Hajira angeweza kusema jana. Alikuwa amejiandaa kusema jana. Lakini alimtazama baba yake usoni, na uso ule ulikuwa unamngoja kwa namna iliyomfanya atambue kwamba mzee analijua jibu. Kasmir. Mzee alikuwa akiongea na Kasmir kwa simu kila siku ya Mungu, wakibishana, na Kasmir ana macho.

"Tangu tarehe ishirini na tisa," alisema.

"Leo tarehe ngapi?"

Watoto wa Shukuru walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi uani, na mmoja alikuwa akihesabu mabao kwa sauti.

Mzee hakumkaripia. Laiti angemkaripia. Alisema kwa utaratibu kwamba yeye hana neno, ila hawa watu walimtengenezea chumba, wakawalaza watoto wao chini, wakaambiwa ni miezi mitano. Hawezi kuamka leo akawaambia ameghairi kwa kuwa kule kumepatikana nafasi. Alisema pia kwamba kule mjini hajui akirudi atakuwa ameandikiwa hadi tarehe gani, na katika umri wake anapenda kujua.

Hajira alifungua pochi. Alitoa ufunguo, akauweka na kamba yake yote kwenye kiganja cha baba yake, akamkunjia vidole juu yake kama anavyofanya mtu kumpa mtoto hela ya shule. "Nisamehe, baba," alisema. "Ni wako. Rudi siku yoyote unayotaka."

Mzee Kitwana aliutazama ule ufunguo. Aliipitisha kamba kati ya vidole, akafika pale kwenye fundo, akalibonyeza kuona kama bado limekaza. Kisha akauchukua mkono wa binti yake akaurudisha ufunguo humo kiganjani.

"Kaa nao, mwanangu," alisema. "Mgeni haondoki na ufunguo. Si ndivyo mlivyoandika?"

Hakulisema kwa kisasi. Alilisema akitabasamu, kidogo, tabasamu lile lile la mlangoni siku ya bajaji, na hilo ndilo lililomkata Hajira maini. Alikaa naye hadi alasiri. Waliongea habari za Sabaha na za bei ya tende. Alipoaga, mzee alimsindikiza hadi pale lami inapoanzia, akamwombea dua ya safari, akageuka na kofia yake mpya.

Hajira alifika Kariakoo bado jua lipo. Lifti ilikuwa imekufa. Wakongo wawili, wageni wa nyumba nyingine, walikuwa wamesimama mbele yake na maboksi yao, wanabonyeza kitufe, wanangoja, wanabonyeza tena, na hakuna aliyewaambia. Akawaambia yeye. Wakabeba maboksi yao wakaanza kupanda ngazi, wakinung'unika kwa lugha yao.

Kasmir alitoka dukani akamwona yuko peke yake. Alirudi ndani akakitoa kile kiti cha plastiki, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka mahali pake karibu na lifti.

"Mzee anarudi lini, dada Hajira?"

Hajira alikuwa ameubana ufunguo mkononi tangu Mbagala, na kamba imemwachia alama ya buluu.

"Hakwenda kupumzika, Kasmir," alisema. "Nilimtoa mimi. Sijui kama atarudi."

Kasmir akasogeza mabegi mawili kumpa nafasi ya kupita, lakini Hajira hakupita.